Raia wa kawaida wanaweza, ila wasiitwe kupiga muhuri tu

Ndugu, umeuliza kama raia wasio wataalamu wanaweza kutunga sera ya haki ya usafiri na tabianchi. Wanaweza kabisa. Ufaransa, baada ya kodi ya mafuta kuchochea maandamano ya watu waliovaa vizibao vya njano mwaka 2018, raia 150 walichaguliwa kwa bahati nasibu watoe mapendekezo ya tabianchi. Walijifunza, wakabishana, wakapendekeza ndege za ndani zizuiwe pale safari hiyo kwa treni inapochukua muda wa chini ya saa 4. Lakini sheria ya 2021 ikashusha kikomo hicho hadi saa 2 na nusu, hivyo ndege chache zaidi zikazuiwa. Hapo ndipo imani huvunjika! Kwa hiyo daini mapema ahadi ya maandishi: kila pendekezo lijibiwe, likikataliwa sababu itolewe. Na washiriki walipwe posho, la sivyo anayetegemea basi kwenda kibaruani hatafika kikaoni.