Nimekwama Walawi, na tiki natuma

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi nauza mahamri na mbaazi huku Muyeye, Malindi. Mwaka ukianza tulikubaliana kanisani tusome Biblia yote hadi Disemba, sura tatu tatu kwa siku, ukimaliza unatuma tiki kwa grupu ya WhatsApp. Mwanzo na Kutoka nilienda vizuri tu, naamka na adhana ya alfajiri nakanda unga, unga ukiumuka mi nasoma. Lakini hii Walawi imenishinda, mara mafuta ya figo, mara ukoma wa nguo, mara ukoma wa kuta, na pweza ati haramu na mume wangu kazi yake ni kuchokoa pweza! Wiki tatu niko pale pale sura ya 14, na kusema kweli tiki bado natuma. Niruke ama nianze upya?
Mama Mahamri, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Pweza kwanza, maana naona ndiye aliyekuuma. Ni kweli Walawi 11 yakataza cha majini kisicho na mapezi na magamba, lakini soma Marko 7 kisha Matendo 10, Petro yuko darini kule Yafa na njaa yake, aambiwa alichokitakasa Mungu asikiite najisi. Mumeo aende zake baharini.

Sasa hesabu. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, tatu kwa siku hata mwaka hautoshi, aliyewapangia angetafuta kalkuleta kwanza. Mwanzo sura 50, Kutoka 40, kwa hivyo wote mlioanza Januari mosi mwafika Walawi mwisho wa mwezi na hapo ndipo watu husinzia, mimi mwenyewe nilisinzia miaka miwili. Tiki acha leo. Andika tu kwa grupu "niko Walawi 14", uone wangapi watajibu "hata mimi".

Halafu ruka, nenda sura ya 19. Ile "mpende jirani yako" aliyoitaja Yesu imetoka humo, mstari wa 18. Mimi niliufuata huo nikanaswa na wa 13, kwamba ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi, na ilikuwa saa nne usiku, na kijana wa mkokoteni anayeniletea maji alikuwa ananidai mitungi sita tangu Jumatatu, kila akipita namwambia "kesho baba" na pesa ziko ndani ya kopo la majani ya chai. Sikusoma tena usiku ule. Asubuhi nikamngoja mlangoni na pesa mkononi, akacheka, "Aa mama, mi nilishasahau." Kisha akazihesabu mara mbili.