Lile kanisa la Polandi, kweli limeliwa na bahari?

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Jamaa kanirushia picha kwenye simu, ukuta mmoja wa matofali mekundu umesimama ukingoni kabisa mwa genge, chini bahari, anasema lilikuwa kanisa huko Polandi. Mimi nabisha, nani ajenge kanisa sehemu kama ile? Eti kuna na habari ya binti wa baharini. Tusaidie.
– Msomaji wako, Tanga

JIBU: Salama ndugu yangu. Jamaa yako hajakudanganya, hapo ni Trzęsacz, kijiji cha pwani ya Baltiki. Ila hakuna aliyejenga ukingoni, ukingo ndio uliowafuata. Kanisa lilijengwa kwenye karne ya 14 kwenda ya 15, na inasemekana bahari ilikuwa mbali karibu kilomita 2. Lilianza likiwa la Kikatoliki, karne ya 16 likawa la Walutheri, na mpaka 1945 kijiji kilikuwa Ujerumani kikiitwa Hoff.

Shida ni lile genge lenyewe. Sio mwamba, ni udongo na mchanga ulioachwa na barafu za kale, sasa dhoruba za majira ya baridi zikija mawimbi yanachimba chini, juu panabaki hapana pa kuegemea, mvua nayo ikishaloweka basi kinaporomoka kipande kizima. Na wenyeji walikuwa wanaona kabisa! Mwaka 1750, kutoka kanisani hadi ukingoni zilikuwa zimebaki kama mita 58, 1820 mita 13, 1868 mita 1 tu. Mita moja, yaani ukifungua dirisha la upande ule unachungulia maji, na bado watu wanasali humo, mimi hapo nawavulia kofia. Ibada ya mwisho ilikuwa tarehe 2 Agosti 1874, halafu wakahamisha vyombo vya kanisa, vingine vikapelekwa mji wa Kamień Pomorski.

Ukuta wa kaskazini, unaotazama bahari, ukaanguka 1901, baada ya hapo likawa linamegeka kidogokidogo, kipande kingine kikaenda 1994. Unaouona kwenye picha ni wa kusini, upande wa bara, ndio maana umechelewa.

Binti sasa. Wanasimulia wavuvi walimnasa Zielenica, binti wa mfalme wa Baltiki, wakagoma kumrudisha, akafa kwa huzuni akazikwa kwenye makaburi ya kanisa, na baba yake ndio anapiga mawimbi amfikie mwanawe. Tamu hiyo, ila pwani ile inamegeka hata sehemu ambazo hakuna binti wa mtu yeyote.

Miaka ya 2000 wakauimarisha ukuta na genge lake, wakajenga na jukwaa la kutazamia pembeni, kwa hiyo siku hizi watalii wanakwenda kuuona ukuta mmoja zaidi ya walivyokwenda kanisa likiwa zima.