Kabla ya kuiomba nafasi ya Hamlet

Mwigizaji mpya kwenye tamthilia za kale akiulizwa anataka kucheza nani, jibu ni lile lile: Hamlet, Antigone, Lady Macbeth. Si vibaya kutamani. Ila Hamlet ana mistari ipatayo 1,500, na hakuna mwongozaji atakayemkabidhi mtu ambaye hajaonekana akibeba hata 40. Upana wako utajengwa huku chini, kwa tarishi, mlevi, daktari na mzee wa baraza, na mara nyingi utawacheza wawili au watatu usiku mmoja.

Usione kupewa nafasi tatu ni dalili ya kikundi kukosa watu. Katika tanzia, yaani tamthilia za huzuni, za Sophocles wa Ugiriki ya kale, waigizaji watatu tu waligawana wahusika wote wenye kusema, wakibadili barakoa nyuma ya jukwaa.

Chukua Macbeth ya Shakespeare. Mfalme Duncan huonekana mara ya mwisho katika sehemu ya kwanza, onyesho la sita. Bawabu mlevi huingia sehemu ya pili, onyesho la tatu. Daktari anayemchunguza Lady Macbeth akitembea usingizini huingia mwanzo wa sehemu ya tano. Mtu mmoja anaweza kuwacheza wote. Sasa shika penseli na uweke alama kila mahali ushairi unapogeuka nathari, yaani maneno ya kawaida yasiyo na mizani. Duncan husema kwa mistari ya mizani kumi isiyo na vina. Bawabu ni nathari tupu. Daktari hunong'ona kwa nathari muda wote anapomtazama mgonjwa, kisha mgonjwa akishaondoka, anarudi kwenye ushairi. Tofauti ya watu hawa imeshaandikwa, kazi yako ni kuisikia. (Ukicheza tafsiri, hesabu mizani ya mistari michache kwanza. Si kila mfasiri aliyeihifadhi.)

Waigizaji wapya wengi hutafuta tofauti hiyo kooni: mfalme sauti nzito, mlevi sauti ya kukwaruza, daktari sauti ya kutetemeka. Onyesho la tatu halifiki kabla sauti haijakauka. Anza na uzito wa mwili na pumzi. Mpe kila mmoja dakika kumi za kutembea jukwaani bila neno. Duncan hana haraka, pumzi yake inafika mwisho wa sentensi. Bawabu uzito umemwangukia visiginoni. Tena usiyumbeyumbe ovyo, maana mlevi wa kweli hujitahidi kutembea wima, na kichekesho kiko kwenye hiyo jitihada. Daktari anaogopa kusikika, kwa hiyo anavuta pumzi fupi fupi.

Huyo bawabu anastahili muda wako kuliko unavyodhani. Macbeth na mkewe wametoka jukwaani sasa hivi wakiwa na damu ya Duncan mikononi, wanahitaji kunawa na kubadili maleba. Ukiharakisha, Macbeth ataingia na vifungo wazi. Mlango nao unagongwa kutoka nje, na kila kishindo kinamkatiza bawabu anapojifanya mlinzi wa lango la jehanamu. Mgongaji akiwahi nusu sekunde, utani umekufa. Fanyeni mazoezi pamoja tangu siku ya kwanza, wala msingoje wiki ya mwisho eti kwa kuwa ni "sauti tu". Baadhi ya utani wenyewe umepitwa na miaka 400 na hautachekesha. Usiulazimishe. Cheza mtu aliyeamshwa na kelele huku pombe haijamtoka.

Kosa la pumzi ni kutua kila mwisho wa mstari kama anayesoma orodha. Fuata wazo: vuta pumzi penye nukta, na mwisho wa mstari usio na nukta uguse tu kisha upite. Moliere, mtunzi Mfaransa, katika Tartuffe ana mizani 12 kwa mstari, na pumziko dogo baada ya ile ya sita. Aliyekua na ukwapi na utao, vile vipande viwili vya mshororo wa shairi la Kiswahili, hilo litamjia upesi.

Nafasi nyingine ndogo ya kugombea ni tarishi wa tanzia ya Kigiriki. Mauaji kwa kawaida hufanyika nje ya macho ya watazamaji, halafu tarishi anakuja kusimulia. Katika Mfalme Oedipus ya Sophocles ndiye anayeeleza jinsi malkia Jocasta alivyojinyonga na Oedipus alivyojitoboa macho. Mwigizaji mpya huingia akilia, na baada ya mistari mitano hana pa kupanda tena. Simulia kwa mpangilio ulivyoona: mlango, chumba, kamba, kisha zile pini za vazi la Jocasta. Kilio waachie korasi, lile kundi la waimbaji jukwaani.

Kwenye usaili huombwa mara nyingi vipande viwili, dakika mbili kila kimoja. Mistari 20 ya ushairi huchukua kama dakika moja, kwa hiyo 35 inatosha na inakuachia nafasi ya kunyamaza. Kimoja kiwe ushairi, kingine nathari. Kimoja kizito, kingine chepesi. Watu wawili wenye hasira, hata wakitoka kwa watunzi wawili, ni kipande kimoja ulichokirudia. Chagua wahusika walio karibu na umri wako. Mwongozaji akikukatiza na kukutaka urudie kwa kunong'ona, rudia kwa kunong'ona, usianze kumweleza kwa nini mwanzo ulipaza sauti.