Kurusha na kuhifadhi darsa bila ya kulipia programu

Waalaikumu salaam, Maalim. Umeuliza vipi utazirusha mubashara darsa za jioni hapo Wete, kisha zibaki kwa wanafunzi walio mbali, bila ya kununua programu.

Chukua programu ya OBS Studio. Ni ya bure, ya chanzo huria, inarusha na kurekodi kwa wakati mmoja. Umeme wetu unaujua, basi rekodi kwa faili la aina ya MKV, si MP4 ya kawaida. Ukizimika katikati ya darsa, MKV utaikuta salama mpaka pale ulipokatikia. MP4 aghlabu haifunguki tena. Baadaye OBS yenyewe itaigeuza iwe MP4, ubora ule ule.

Bando likiwa dogo, wacha picha. Ukipata seva, yaani kompyuta ya mtandaoni ya kugawia matangazo, programu ya Icecast inarusha sauti tupu. Kilobiti 64 kwa sekunde zamtosha mzungumzaji, na saa nzima haifiki megabaiti 30. Na tafadhali, maikrofoni ya kubana kifuani inunue kabla ya kamera. Sauti mbovu hakuna anayeivumilia.

Kuhifadhi, pandisha Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, bure, na nakala nyengine iweke kwenye diski ya nje. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha mada. Mwombe ruhusa mwenye darsa kwanza.