Mtoto wa miaka 8 hatulii darasani

Dada, umesema mwanao wa miaka 8 hamalizi kazi za shule, anapoteza penseli kila siku, na mwalimu anamchapa kwa utundu. Wangu alikuwa hivyo hivyo. Fimbo ilimfundisha kuficha madaftari tu.

Usikimbilie kusema ni ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kuzingatia. Kampime masikio na macho kwanza, angalia na usingizi wake. Dalili za ADHD huanza kabla ya miaka 12, hudumu miezi 6 au zaidi, na huonekana nyumbani na shuleni pia. Zikiwa shuleni tu, chunguza shule.

Kilichotusaidia sisi ni agizo moja tu kwa wakati, nikiwa nimemshika bega: "Leta daftari." Akishaleta, ndipo la pili. Anaandika dakika 10, kisha anakwenda kuchota maji au kukimbia uani, anarudi. Darasani akae mbele, mbali na dirisha.

Dawa zipo na husaidia wengi, ila hupunguza hamu ya kula na huweza kuvuruga usingizi. Aandikiwe na daktari wa afya ya akili, usinunue kiholela.

Na huyo baba yake anayesahau funguo kila siku, naye akapimwe. Hali hii hurithiwa sana. Mimi niligundulika nayo nikiwa na miaka 37, baada ya mwanangu.