Maswali ya Wasomaji: Kupima Hewa ya Juu ya Msitu wa Mvua

SWALI: Nimesoma kwamba miti hutoa gesi zinazozalisha ozoni, sawa na magari. Ni kweli msitu wa mvua unachafua hewa?

JIBU: Gesi inatoa, tena nyingi mno. Inayoongoza ni isoprini, yenye atomu 5 za kaboni na 8 za haidrojeni. Mimea ya dunia nzima hutoa tani milioni 500 hivi kwa mwaka, na sehemu kubwa inatoka tropiki. Jani haliiweki akiba: huitengeneza gesi hii penye mwanga na joto na kuiachia papo hapo, jua likizama inakoma. Hewani inakutana na hidroksili, radikali (kipande cha molekuli kinachomenyuka upesi) isiyodumu hata sekunde moja, na ndani ya saa chache za mchana isoprini nyingi imekwisha kugeuka.

Inageuka nini? Hilo linategemea majirani iliowakuta. Penye oksaidi nyingi za nitrojeni, kutoka kwenye injini au moto wa kufyekea misitu, mmenyuko huo huzaa ozoni. Mbali na miji oksaidi hizo ni haba, na isoprini huishia zaidi kwenye perioksaidi, molekuli zenye atomu mbili za oksijeni zilizoshikana. Ndiyo maana hatukubali msitu ulaumiwe kwa jambo linalokamilishwa na moshi. Kuna ziada: mwaka 2005 ndege ya utafiti iliyoruka juu ya Suriname na nchi jirani ilikuta hidroksili nyingi kuliko hesabu zilivyotabiri, na kumbe msitu unairudisha sehemu ya ile inayotumika. Wanakemia wamekuwa wakiifuatilia njia hiyo tangu hapo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi. Nina pampu ndogo ya betri na mirija ya chuma ya kunasia gesi, sina mnara wala spektromita, chombo cha kupima masi (uzito) ya molekuli. Sampuli zangu za kwanza maabara imeziona karibu tupu upande wa isoprini. Nimekosea wapi?

JIBU: Kagua kwanza kilichojazwa ndani ya mirija. Kama ni Tenax TA, chembe za plastiki za kunasia gesi, peke yake, jibu ndilo hilo. Isoprini huchemka kwenye nyuzijoto 34 tu, na Tenax haiwezi kuishikilia. Inapita kama maji kwenye chekeche. Unahitaji mrija wenye tabaka la pili la kaboni kama Carbograph 5TD. Hewa iingie upande wa Tenax, ambayo itanasa molekuli nzito, kisha ikutane na kaboni. Maabara itaupasha mrija joto na kuupuliza kinyumenyume, kwa hiyo alama ya mshale inayoonyesha hewa ilikoelekea isifutike.

Cha pili ni ozoni. Inaendelea kuzila terpini (gesi za harufu ya mimea) zilizokwisha kunaswa, hivyo mbele ya mrija weka kichujio cha nyuzi za kioo kilicholowekwa sodiamu thayosalfeti na kukaushwa.

Kiasi: mililita 150 kwa dakika kwa dakika 20 zinakupa lita 3. Mchana, isoprini ikiwa sehemu 5 kwa bilioni, hapo umenasa nanogramu 40 hivi, na hizo zinatosha kabisa kwa kromatografia ya gesi, njia ya maabara ya kutenganisha gesi moja moja. Pima mtiririko mwanzoni na mwishoni, mrija ukiwa umefungwa mahali pake, kwa sababu mrija wenyewe huikaba pampu. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, sisi sampuli hiyo tunaiacha. Mara moja moja funga mrija wa pili nyuma ya wa kwanza: ukikuta zaidi ya asilimia 5 ya gesi imefika huko, punguza lita.

Halafu kuna unyevu, na hapa wengi huharibu bila kujua. Mirija hutunzwa kwenye baridi ya nyuzijoto 4. Ukiufungua mrija ungali baridi katikati ya hewa ya msitu, umande unajitengeneza ndani ya kaboni palepale, na maji hayo yatavuruga uchambuzi mzima. Uache kwenye kivuli, vifuniko vikiwa vimekazwa, mpaka uwe na joto la hewa. Nusu saa kwa kawaida inatosha. Vifuniko viwe vya chuma vyenye pete za Tefloni, si vya plastiki. Vaa glavu safi, na siku hiyo usijipake dawa ya mbu yenye manukato: limonini, terpini yenye harufu ya limau, ya kwenye chupa inafanana moja kwa moja na limonini ya mti. Katika kila mirija 10, mmoja ufunguliwe na kufungwa bila kuvuta hewa. Huo ndio utakaokuambia uchafu wako mwenyewe ni kiasi gani.

SWALI: Mrija wetu wa kuvutia hewa unashuka mita 80 kutoka juu ya mnara hadi kwenye chumba cha vyombo. Kila alasiri tunakuta maji ndani. Tuongeze nguvu ya pampu?

JIBU: Pampu ni muhimu, ila maji hayaondolewi nayo. Hewa ya nyuzijoto 30 yenye unyevu wa asilimia 90 huanza kutoa umande ikifika 28. Chumba chenu bila shaka kina kiyoyozi kwenye 22 hivi. Shikeni mrija pale unapopenya ukutani: maji yanaanzia hapo. Zungusheni waya wa kupasha joto na kitambaa cha kuhami urefu wote, mkiendelea nao ndani ya chumba hadi kwenye mlango wa chombo, na mrija ubaki na nyuzijoto chache juu ya hewa ya nje.

Kuhusu pampu, fanyeni hesabu. Mrija wa PFA (plastiki ya jamii ya Tefloni) wenye uwazi wa milimita 6 na urefu wa mita 80 una ujazo wa lita 2.3. Kwa lita 10 kwa dakika hewa inafika baada ya sekunde 14 hivi. Kwa lita 1 inachukua zaidi ya dakika 2. Isoprini itavumilia. Kariofilini, terpini nzito, haivumilii: penye ozoni ya sehemu 10 tu kwa bilioni, karibu theluthi yake itakuwa imeliwa njiani. Mdomo wa juu uelekee chini na uwe na wavu, maana nyigu hupenda tundu la namna hiyo, na kichujio cha Tefloni kibadilishwe kabla mtiririko haujaanza kushuka.

SWALI: Minara yenyewe iko wapi?

JIBU: Mrefu kuliko yote ni wa ATTO, Brazili, kilomita 150 hivi kutoka Manaus: mita 325. Yangambi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuna CongoFlux wa mita 55. Bonde la Kongo bado lina vituo vichache mno kwa ukubwa wake, na hilo linatuuma.

SWALI: Spektromita yetu inasoma masi 69, ya isoprini, hata saa sita za usiku. Majani yanafanya kazi gizani?

JIBU: Hayafanyi. Sehemu inaweza kuwa isoprini halisi iliyobaki tangu jioni, kwani usiku hidroksili karibu yote imetoweka na hewa imetulia. Lakini furani ya moshi nayo inasomeka 69: ni 69.03, na isoprini ni 69.07. Spektromita ya kwadrupoli, inayochuja masi kwa nondo nne za umeme, haizitofautishi, ila ile inayopima muda wa molekuli kuruka inaweza. Tazameni asetonitrili, gesi ya moshi wa moto, kwenye masi 42. Ikipanda pamoja na 69, mnapima moshi.

Mkimaliza hapo, msiiamini kwa haraka masi 71, inayosoma mazao ya isoprini. Perioksaidi za isoprini zikigusa chuma chenye joto huvunjika, na vipande vyake vinasomeka kama mazao mengine ya isoprini. Badilisheni kila kiungo cha chuma kwenye njia ya hewa kiwe cha PFA, kisha mpime upya saa zilezile.