Mwanangu, klabu haina haraka

Mwanangu mpendwa Neema,

Umeniuliza kwa nini timu za hoki ya barafuni za Marekani na Kanada haziwaachii tu vijana wasiotaka kuzichezea, na hao wanaogoma wanategemea kupata nini.

Wewe umezoea soka: mchezaji akinuna, klabu nyingine inaleta fedha, mambo yamekwisha. NHL, ndiyo ligi yao, haina ada ya uhamisho. Mchezaji hubadilishwa na mchezaji, au na haki ya kuchagua chipukizi miaka ijayo. Tena mkataba wa kwanza ukiisha, klabu bado ina haki naye. Kijana anabaki na silaha ya kukataa kusaini, nayo ina mwisho wake: ikipita Desemba 1 hajasaini, haruhusiwi kucheza ligi hiyo msimu mzima. William Nylander wa Toronto alivuta mpaka siku yenyewe mwaka 2018, akasaini dakika za mwisho: miaka 6, kama dola milioni 45. Fedha alipata, ila msimu huo alifunga mabao 7 tu katika mechi 54, na mashabiki walimsema mno.

Kudai kuhamishwa ukiwa ndani ya mkataba ni kugumu zaidi. Jonathan Drouin alichaguliwa na klabu ya Tampa Bay mwaka 2013, wa tatu katika uchaguzi wa chipukizi wa ligi nzima. Januari 2016 walimshusha timu yao ya chini, Syracuse, na wakala wake akatangaza hadharani kwamba kijana anataka kuondoka. Wiki mbili na kitu baadaye akagoma kucheza. Meneja mkuu, Steve Yzerman, hakubishana naye magazetini wala hakumtupa kwa bei ya chee. Alimsimamisha bila mshahara, akasikiliza klabu nyingine, na muda wa kubadilishana ulipofungwa Drouin alikuwa bado wake. Machi kijana akarudi Syracuse mwenyewe. Nahodha Steven Stamkos alipougua, Drouin akaitwa juu, akachangia mabao 14 katika mechi 17 za mtoano. Yzerman hakumwekea kinyongo, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Wakubwa wengi wangemkomoa.

Juni 2017 ndipo alipomwachia, kwenda Montreal, akamchukua beki Mikhail Sergachev. Tampa ilibeba Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, 2020 na 2021, Sergachev akiwemo. Drouin naye alipewa mkataba wa dola milioni 33, jimboni kwao Quebec, kwa hiyo usimlilie.

Upo mlango mwingine: klabu ya nje inaweza kumpa ofa kijana ambaye mkataba wake umeisha, na klabu yake ina siku 7 za kulipa kiasi hichohicho au kumwacha aende kwa fidia ya haki za kuchagua chipukizi. Agosti 2024 St. Louis iliwafanyia hivyo Edmonton kwa vijana wawili kwa mpigo, Broberg na Holloway. Edmonton, iliyokuwa imebanwa na kikomo cha jumla ya mishahara ambacho ligi huiwekea kila klabu, ikawaacha wote. Mameneja hawaupendi mlango huo, maana anayeufungua leo anaweza kufunguliwa kesho. Mimi ningependa utumike zaidi. Kijana asiye na mnunuzi mwingine atabishania bei na nani?

Baba yako